Anayepima Haandiki

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema usije ukapata taabu ya kumtafuta, maana chumbani tulikuwa wanne na kila mmoja angeweza kudhaniwa ndiye. Mke wangu alionekana mjinga kwa sababu alikuwa kimya. Fundi vioo alionekana mjinga kwa sababu alikuwa anacheka. Mke wa fundi vioo alionekana mjinga kwa sababu alikuwa amependeza na bado anatetemeka. Mimi peke yangu ndiye niliyeonekana mwerevu: futi ya kupimia imening'inia shingoni, penseli iko sikioni, mkono uko kiunoni. Ukimwona mtu amesimama hivyo, ujue anguko liko nyuma yake linamgonga bega.

Duka letu la kushona ni chumba kimoja kirefu kinachotazama barabara. Mbele kuna meza ya kukatia, katikati cherehani mbili zinazotazamana kama wakwe waliogombana, na nyuma kabisa pazia la kujaribia nguo. Kando ya pazia, wakati ule, palikuwa na kioo kirefu cha kumwonyesha mtu kuanzia viatu hadi utosi. Alikifunga fundi vioo, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara. Alitupatia kama zawadi tulipopata binti yetu, naye akapata wake mwaka uleule. Tulikuwa marafiki wa kuingiliana bila hodi. Mabinti wetu walikua wakilala kitanda kimoja, leo kwetu, kesho kwao, hata ukitaka kumchapa wako ulikuwa unahesabu kwanza vichwa ndani ya shuka.

Kazi nilifundishwa na baba mkwe, kabla hajawa mkwe. Alikuwa mtu wa maneno machache na makofi mengi, Mungu amrehemu. Dukani kwake sheria ilikuwa moja: anayepima haandiki, anayeandika hapimi. Yaani mteja akija, pazia linabaki wazi. Mimi napima na kutaja namba kwa sauti, mke wangu anairudia kwa sauti na kuiandika kwa chaki upande wa nyuma wa kitambaa chenyewe. Waliokaa kwenye benchi nje wanasikia yote. Wanawake wanene walikuwa wakinisihi.

"Fundi, hiyo ya kiuno inong'one, mume wangu yuko hapo nje!"

"Mumeo si kipofu, mama," mke wangu alikuwa akimjibu, na namba inakwenda barabarani kama muuza magazeti.

Sababu ya sheria hiyo mzee alinieleza siku ya kwanza, akiwa ameshika pasi ya makaa. Alifungua kifuniko, akanionyesha moto, akaniuliza kama naweza kuumimina mapajani na suruali isiungue. Nikacheka.

"Usicheke," akasema. "Sulemani aliuliza swali hilohilo juu ya kumwendea mke wa mtu, na yeye hakuwa hata fundi nguo. Sisi tunawagusa wake za watu kila siku, kwa kazi, na wanatulipa. Kwa hiyo sisi tuna pasi mkononi tangu asubuhi."

Alikuwa na hadithi mbili tu, na alizitumia kama mikasi, ya kukatia na ya kupunguzia. Ya kwanza ilikuwa ya Yusufu. Mke wa bwana wake alipomshika nguo, Yusufu aliiacha mikononi mwake akakimbia. "Wewe ukishikwa," aliniambia, "kimbia, hata kama ni uchi. Nguo nitakushonea nyingine."

Ya pili ilikuwa ya Daudi. Mfalme mzima kaamka usingizi wa mchana, anatembea darini, macho yanaangukia mke wa askari wake Uria akioga. Angerudi kulala, tusingemjua Uria. Akatuma aitwe. Mimba ilipoingia, akamtoa Uria vitani, akamwambia nenda nyumbani ukapumzike, ili mambo yafunikwe. Uria akalala mlangoni pa mfalme. Alisema hawezi kwenda kula na kulala na mkewe na wenzake wako kambini. Basi mfalme akamrudisha vitani akafie huko. Mzee akifika hapo alikuwa akiondoa mguu kwenye cherehani, duka zima linanyamaza.

"Watu wanamhurumia Daudi kwa sababu alitunga zaburi," alikuwa akisema. "Uria hakutunga kitu. Alikuwa mtu wa kazi tu, kama sisi."

Nilizisikia hadithi hizo mpaka nikawa nazisimulia mimi, kwa madoido, kanisani kwenye mikutano ya vijana, na watu wakacheka na kulia nilipotaka. Mtu anayejua kusimulia shimo vizuri huanza kudhani yeye halimhusu. Zaidi ya hayo nilikuwa na jina la mtaani, Jicho. Nilijitapa kwamba mwanamume akipita barabarani naweza kutaja kipimo cha kola yake kabla hajafika kona. Nilibahatisha mara kadhaa, watu wakapiga makofi, na makofi ni pombe isiyo na harufu.

Mzee alipokwisha kufariki, dada yake mke wangu alijifungua, mke wangu akaenda kumtunza mzazi. Kwa sheria ya duka, yeye akiwa hayupo mimi ni fundi wa wanaume tu. Mke wa fundi vioo akaja na kitambaa cha kijani kibichi, kizito, kinachong'aa kidogo kila ukikigeuza. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alikuwa anaoa. Yeye mwenyewe hajawahi kushonewa nguo maishani, alisema, hununua zilizo tayari.

"Shemeji, msubiri mwenzangu," nikamwambia. "Anarudi karibuni."

"Ndiyo maana nimekuja leo," akasema. "Sitaki namba zangu zitangazwe kama mnada. Kuna kitu sitaki kitangazwe."

Angekuwa mtu wa kucheka ovyo, mtu wa kujilegeza, ningejua la kufanya. Hotuba yake nilikuwa nayo tayari. Lakini alisema kwa aibu, ameshika ncha ya mtandio ambao hatukuwahi kumwona bila huo. Akautelemsha kidogo. Bega lake la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia, limezama, na kovu linatelemka kuelekea mgongoni. Alianguka kutoka juu ya paa la bati alipokuwa mtoto. Mumewe anajua, mama yake anajua, basi. Sasa na mimi.

Nikavuta pazia. Kwa huruma kabisa, nakuapia. Nikazinong'ona namba. Na namba zikinong'onwa zinageuka kitu kingine. "Thelathini na nane" ukiipaza ni hesabu. Ukiisema polepole karibu na sikio la mtu, haijui tena yenyewe ni nini. Yusufu alipoona hatari alikimbia. Mimi nilibaki nikajadiliana nayo, nikidhani nitaishinda kwa hoja.

Siku hiyo halikutokea la kutaja. Ndipo penyewe pabaya: nilijipongeza. Nikaenda kwao siku nyingine kujaribisha gauni, mchana, fundi vioo yuko kwenye jengo jipya anafunga madirisha. Nilisema naenda kama fundi. Nilirudi nikiwa kitu ambacho sina jina lake hadi leo, na nilirudi tena, na tena. Sulemani anasema mwanzo wake ni asali na mwisho wake ni shubiri. Hasemi katikati pakoje. Katikati mtu anapiga mluzi akishona. Ushonaji wangu haujawahi kuwa mzuri kama kwenye gauni lile. Kwenye bega la kushoto niliweka kitambaa cha kujazia, tabaka juu ya tabaka, nikakilaza chini ya bitana kwa mkono, mshono mdogo kama mayai ya sisimizi. Nilijivunia. Mwizi wa kwanza duniani kuacha sahihi yake ukutani, tena kwa mwandiko mzuri.

Mke wangu akarudi. Akakuta mashati ya wanaume, suruali za shule, na gauni moja la kijani limefunikwa kwenye msumari. Hakuuliza. Gauni lilikaa pale hadi asubuhi ya siku ya kuchukuliwa, alipolishusha alipige pasi.

Nilikuwa nakata kola. Nikasikia pasi imesimama.

Alikuwa amelipindua gauni. Mkono wake unatembea upande wa ndani, pale penye pindo, anapotafuta mwandiko wake wa chaki kwa mazoea, ili aufute kabla mteja hajaja. Hapakuwa na chaki. Mkono ukapanda hadi mabegani, kulia, kisha kushoto, ukasimama. Vidole vyake vikaminya. Akarudi kulia, akaminya. Akarudi kushoto.

"Chai yako inapoa," nikamwambia.

"Iache ipoe," akasema, akaendelea kupiga pasi, taratibu, kama mtu anayemwogesha maiti.

Kutoka hapo hadi wageni walipofika hakusema neno. Nilitania, hakucheka. Nilipiga mluzi, mluzi ukakauka mdomoni. Nilitamani aulize ili nidanganye, maana uongo wangu nilikuwa nao tayari, umepigwa pasi. Lakini mtu akinyamaza unadanganya nini?

Wakaja wote wawili. Hilo sikulitegemea. Nilidhani atakuja peke yake, au amtume binti. Fundi vioo aliingia na suti yake ya harusi ya mdogo wake, hajavaa tai, furaha inamtangulia mlangoni.

"Jicho! Shemeji! Leo nataka kuona ulichomfanya mke wangu!"

Penseli ikaniponyoka sikioni.

"Karibu, shemeji," mke wangu akamjibu. "Hata mimi."

Mke wa fundi vioo hakunitazama. Alichukua gauni, akaingia nyuma ya pazia. Alipotoka, hata gari lililokuwa likipiga honi nje nililiona kama limenyamaza. Gauni lilikaa. Halikubana, halikulegea, halikuvuta popote. Alisimama mbele ya kioo bila mtandio, mabega yamelingana kama mizani dukani kwa mtu mwaminifu, na nilimwona mumewe akimtazama ndani ya kioo alichokifunga kwa mikono yake.

"Mungu wangu," fundi vioo akasema. "Hata halirudishwi! Mara moja tu, limekaa! Fundi, wewe ni mchawi."

"Nani alimpima?" mke wangu akauliza.

Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kuuliza nani kachukua sindano.

"Namba zake sikuzisikia," akaendelea. "Wala sikuziandika."

"Aa, mke wangu," nikacheka. Nilisikia kicheko changu kinagonga ukuta na kurudi peke yake. "Jina langu nani mtaani? Nilimpima kwa macho."

"Kwa macho."

"Kwa macho tu! Alipita hapo nje na kitambaa, nikamwangalia, nikakata."

Fundi vioo akapiga kofi pajani. "Jicho huyo! Nilikwambia!"

"Basi shemeji," mke wangu akamwambia, "sogea hapa katikati. Nyoosha mikono. Huyu hajawahi kukupima wewe. Suti zako unanunua. Nataka nione hayo macho." Akanivua futi shingoni. Hakuinyakua. Aliivuta upande mmoja ikateleza yote, kama nyoka anayehama. "Haya. Anayepima haandiki. Leo napima mimi. Wewe taja. Kiuno."

Rafiki yangu alisimama katikati ya chumba, mikono ameinyoosha, anatabasamu kama mtoto anayechezeshwa. Nilimtazama. Nimekula naye, nimebeba naye jeneza la baba mkwe, na sikujua kiuno chake. Nikataja namba.

Mke wangu akazungusha futi, akasoma kwa sauti. Nilikuwa nimekosea kiasi cha kutosha mtu wa pili.

"Mchana nilikula vizuri," fundi vioo akanitetea.

"Bega hadi bega," mke wangu akasema.

Nikataja. Akapima. Nikakosea tena.

"Mkono."

"Mke wangu, yatosha sasa, wanachelewa harusini…"

"Mkono."

Nikataja. Shati lingeishia kwenye kiwiko. Fundi vioo bado alikuwa anacheka, lakini kicheko kilikuwa kimebaki usoni tu, kama taa iliyosahauliwa kuzimwa kwenye nyumba isiyo na watu.

"Sasa kwa mke wangu alibahatisha," akasema. "Si ndiyo? Kuna siku mtu anabahatisha."

Hakumwambia mtu. Aliiambia hewa, akingoja mmoja wetu aipokee. Mkewe alikuwa ameshika pazia kwa mkono mmoja. Hakulia. Alikuwa anatazama sakafu pale penye vipande vya uzi.

Mke wangu akamsogelea. Akaweka kidole juu ya bega lake la kushoto, taratibu, kama anamgusa mgonjwa.

"Samahani, mwenzangu," akamwambia. Kisha akanigeukia. "Na hili? Upande huu umejazia, upande ule hukujazia. Mimi nimemfahamu tangu binti zetu wakitambaa, sijui lolote kuhusu bega lake. Macho yako yalipita wapi, juu ya mtandio au chini yake?"

Fundi vioo akashusha mikono. Mpaka wakati huo alikuwa bado ameinyoosha, maskini, hakuna aliyemwambia ashushe. Akamwendea mkewe, akaliminya bega la gauni kwa vidole viwili, kama anavyopima unene wa kioo. Akaminya la kulia. Akarudi la kushoto. Vidole vilevile, safari ileile ya asubuhi.

"Mimi nakata vioo," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hakuna mtu anayekata asichokishika."

Nikainama kuokota penseli yangu. Mimi, mtu wa maneno, msimulizi wa vijana.

"Vua nguo ya watu," akamwambia mkewe.

Aliingia nyuma ya pazia. Tukabaki watatu tukisikiliza zipu ikishuka. Nilitazama mikono ya fundi vioo, yenye makovu madogo madogo meupe, na nikangoja. Ninakiri niliomba anipige. Nilitaka sana anipige; ningelipa hapohapo, tukamaliza. Mithali zinasema wivu wa mume ni ghadhabu, hatakubali fidia, na mimi nilikuwa tayari kwa ghadhabu. Sikuwa tayari kwa alichokifanya. Alikiangalia kioo.

"Hiki nilikufungia mimi."

"Ndiyo," nikasema.

"Kesho nakuja kukichukua."

Akaja kweli, asubuhi, kabla hatujafungua. Kioo kile ni cha watu wawili. Mmoja hawezi kukibeba. Aling'oa misumari yote, akakizungushia kitambaa pembeni, akasimama upande mmoja na kungoja. Hakuniita. Nikaenda nikashika upande wa pili. Tukatoka nacho hivyo, tukavuka barabara, yeye anatembea kinyumenyume upande wa nyuma wa kioo, mimi nimeangaliwa na sura yangu mwenyewe njia nzima, iko karibu nami kama mtu anayetaka kunibusu. Pale kwenye mtaro mguu ukaniteleza.

"Shika vizuri," akasema kutoka nyuma ya kioo. "Usinivunjie na hiki."

Ndilo neno la mwisho aliloniambia. Duka lake lilifungwa muda si mrefu. Alihamia mji mwingine, akaajiriwa kufunga madirisha ya watu. Mkewe alirudi kwa wazazi wake, na gauni la kijani hakuja kulichukua. Binti yao akawa anakaa huku na huku. Binti yetu alilala peke yake kwenye kile kitanda, na kwa miezi alikuwa akiuliza rafiki yake atarudi lini, nami ndiye nilikuwa nikimpelekea maji ya kunywa na kumwambia sijui.

Mke wangu hakuondoka. Mjomba wake alipomshauri aondoke, alimjibu, "Duka ni la baba yangu. Aondoke nani?" Nililala chumba cha mbele, nikakaa kiti cha nyuma kanisani, nikaacha kuwasimulia vijana. Nilitubu mbele ya mchungaji, kisha mbele ya mke wangu, kisha mbele ya Mungu bila mashahidi. Siku moja, akiwa anatunga uzi kwenye sindano, alisema bila kuniangalia, "Nimekusamehe," akaendelea kushona. Sijawahi kumsikia akilirudisha neno hilo. Tunacheka tena. Tunagombania chumvi. Lakini futi haikurudi shingoni mwangu. Yeye anapima, wanaume kwa wanawake, na mimi narudia namba na kuandika kwa chaki. Wateja wapya wanadhani mimi ni karani. Na pale ukutani palipokuwa na kioo pamebaki mraba mrefu, mweupe kuliko ukuta. Nilinunua rangi mara moja. Kopo liko chini ya meza hadi leo, alikataa lifunguliwe.

Basi miaka ikapita, binti yetu akachumbiwa. Alikuja dukani na kitambaa cheupe mikononi, amekibeba kama mtoto mchanga, akasimama mbele ya ule mraba kwa mazoea, akatafuta sura yake, hakuiona.

"Nataka baba anishonee," akasema.

"Atashona," mama yake akasema. "Nani mwingine anashona hapa?"

"Nataka na kunipima anipime yeye."

Mama yake alikuwa anaikunjua futi. Binti akatoa simu, akasita.

"Nilimwomba rafiki yangu awe mpambe wangu," akasema. "Yule wa ng'ambo. Amejibu leo."

"Anasemaje?" nikauliza. Moyo wangu ulikuwa umepanda, mjinga yule yule.

Akasoma, polepole. Rafiki yake anampenda, hajawahi kumsahau. Atakuja kanisani, atakaa nyuma. Lakini mpambe atavaa nguo iliyoshonwa na baba wa bibi harusi, na nguo kutoka mkono huo yeye hataivaa. Na baba yake, fundi vioo, asialikwe. Bado hawezi kupita barabara ile.

Nje mtu aliuliza kama tunabadilisha zipu. Akachungulia ndani, akaenda zake.

Ningenyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Lakini lilinichoma, na mimi nikichomwa natoa maneno, kama puto.

"Nipe futi," nikamwambia mke wangu. "Leo tu. Ni binti yangu, damu yangu."

"Chukua chaki," akasema.

"Pazia liwe wazi, mlango uwe wazi, barabara nzima iingie ione! Nipe futi."

"Chaki iko hapo karibu na mkono wako."

"Si ulisema umenisamehe?"

"Nilisema. Na leo nasema tena."

"Sasa msamaha gani huu, mke wangu? Msamaha wa kukaa na chaki mpaka nife? Binti mwenyewe ananitaka! Daudi alifanya makubwa kuliko mimi. Mimi sikuua mtu. Daudi aliua! Na Mungu akamsamehe, akambakizia kiti chake, akambakizia kinubi chake, akaimba mpaka uzeeni. Hata futi ya kupimia tu mimi sistahili? Daudi alisamehewa!"

Binti yetu alikuwa amenyoosha mikono, anangoja, amesimama pale pale aliposimama fundi vioo. Mama yake akamzungushia futi mabegani, akaiweka sawa kwa kidole gumba. Hakugeuka kunitazama.

"Alisamehewa," akasema. "Na Uria, alirudi nyumbani?"